Mtamba wa Mnadani, Mtamba wa Shambani na Mrija wa Mbegu: Tathmini ya Miaka Saba

Tangu mwaka 2017 nimeingiza ng'ombe wa maziwa bandani kwangu kwa njia tatu tofauti, na kila njia nimeilipia kwa fedha yangu mwenyewe. Ya kwanza ni mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa, niliyemnunua mnadani kwa mkono wa dalali, ya pili ni mtamba mwenye mimba kutoka shamba moja linalojitangaza kuwa huuza mitamba bora, na ya tatu ni huduma ya uhimilishaji, yaani kupandisha majike yangu kwa mbegu iliyogandishwa badala ya kuazima dume la jirani. Tathmini hii inazihusu zote tatu, na nimeiandika kwa ajili ya mfugaji wa kiasi changu, mwenye ng'ombe kati ya mmoja na sita, ambaye akikosea kumchagua mnyama mmoja huwa amepoteza sehemu kubwa ya mtaji wake, tofauti na shamba kubwa ambako ng'ombe mmoja mbovu hufichwa na wenzake hamsini.

Ninafugia upande wa kusini wa Mlima Meru, juu kidogo ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, kwenye ekari moja na robo yenye migomba, kahawa kidogo na mabingobingo yaliyopandwa kwenye makingamaji. Ng'ombe wangu hula ndani ya banda mwaka mzima. Hali ya hewa ni ya ubaridi, na Usa River, kilipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, si mbali na kwangu, kwa hiyo nakiri mapema kwamba mazingira yananipendelea, na msomaji wa Lindi au Shinyanga hana budi kuyapima maneno yangu kwa hali ya kwake.

Nianze na mnada, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakoanzia. Mtamba niliyemkuta huko alikuwa na manyoya yanayong'aa kama aliyepakwa mafuta, mgongo ulionyooka, mapaja yaliyojaa, na mabaka meusi na meupe yaliyogawanyika kama yalivyo kwenye picha za kalenda. Dalali alimwita Malkia. Alimfungua mdomo akanionyesha jozi ya kwanza ya meno ya utu uzima imeshachomoza, akasema, "Mama, huyu ana miezi ishirini, mwezi ujao unampandisha." Kuhusu meno hakudanganya, kwa sababu jozi hiyo kwa kawaida hutoka mnyama anapokaribia miaka miwili. Nikatoa shilingi 950,000, nikalipa na usafiri, nikarudi nyumbani nikiona nimepata.

Nilisubiri siku ishirini na moja, ambazo ndizo mzunguko wa kawaida wa joto la ng'ombe, yaani wakati jike anapotaka kupandwa, kisha nikasubiri nyingine, na nyingine tena. Malkia hakulia, hakutoa ute, hakumpanda mwenzake wala hakupandwa. Mwezi wa tano nikamwita daktari wa mifugo, naye alipoingiza mkono hakuchukua hata dakika tano. Aliniambia kwamba kizazi chake hakikukua, mirija ya uzazi ni myembamba kama kamba ya kiatu, kisha akanionyesha kwa nje uke mdogo wenye kishungi kirefu cha manyoya, akaniuliza swali ambalo lilipaswa kutoka kinywani mwangu siku ile mnadani: je, alizaliwa pacha na dume?

Ndama jike anapokaa tumboni pamoja na pacha dume, mishipa ya damu ya makondo yao mara nyingi huungana, na vichocheo vya kiume hupita kwa jike kabla viungo vyake vya uzazi havijakamilika. Zaidi ya asilimia 90 ya majike wa namna hiyo huwa tasa. Jambo linalouma ni kwamba ule mng'ao na ule unono ulionivutia ulikuwa sehemu ya tatizo lenyewe, kwa sababu mnyama asiyebeba mimba wala kutoa maziwa hana pa kupeleka chakula isipokuwa mwilini mwake. Nilimuuza kwa mchinjaji kwa shilingi 700,000, na hapo sijahesabu pumba za miezi mitano.

Simlaumu dalali kupita kiasi, kwa kuwa huenda hata yeye hakujua. Ninachokilaumu ni mpangilio mzima wa kununua mnyama wa kuzalisha mahali ambapo hakuna anayejua mama yake ni nani. Mfugaji mwenye mtamba mzuri kwa kawaida humwacha nyumbani, na wanaofika mnadani wengi ni wale wenye chuchu iliyoziba, waliotupa mimba mara mbili, wanaopiga mateke wakikamuliwa, au wasioshika mimba kabisa. Wapo kweli wanaouza ng'ombe mzuri kwa sababu ya ada ya shule au msiba, na ukimsikiliza dalali utadhani siku hiyo mnada mzima umejaa waliofiwa. Kwa maksai na mbuzi wa kitoweo mnada unafaa sana. Kwa mtamba wa kuanzishia uzao sitaurudia.

Mwaka uliofuata, 2018, nilikwenda kwenye shamba, nikiwa nimenuia kununua kumbukumbu na si sura. Shamba lenyewe lilikuwa safi, ng'ombe wana hereni zenye namba, josho linafanya kazi, na ofisini kuna makabati ya kadi. Nilionyeshwa mtamba mwenye mimba ya miezi sita kwa shilingi 2,200,000, na kwenye kadi yake paliandikwa jina la dume na, kwa upande wa mama, maneno matatu: "Maziwa: lita 25." Nikayaona hayo, nikalipa.

Leo ningeuliza: lita 25 za siku ipi? Ng'ombe hufikia kilele cha maziwa kati ya wiki ya nne na ya nane baada ya kuzaa, kisha hushuka, na tofauti kubwa ya ng'ombe na ng'ombe imo katika kasi ya kushuka huko. Jike anayefika lita 25 kisha akaanguka haraka na kukauka mwezi wa tano, kwa wastani wa lita 13 kwa siku, atakuwa ametoa chini ya lita 2,000 katika uzao ule, yaani tangu kuzaa hadi kukauka, ilhali mwenzake asiyepita lita 16 lakini anayeshuka polepole, kwa wastani wa lita 12 katika siku 305 ambazo ndizo kipimo kinachotumika duniani, atakuwa amevuka lita 3,600. Kadi inayoandika namba moja bila kutaja ni ya kilele au ya wastani, ya uzao wa kwanza au wa nne, haina tofauti na tangazo la ukutani.

Mtamba wangu alizaa Septemba ile ile, akafikia lita 11, na kufikia mwezi wa nne alikuwa anatoa 5. Kitinda mimba wangu akampa jina la Sikujua, maana ndilo neno alilonisikia nikilisema kila jioni nikitoka kukamua. Lakini haki itendeke: uzao wa kwanza huwa mdogo kuliko wa tatu au wa nne, na Sikujua ana sifa ambazo nimekuja kuzithamini kadiri miaka inavyokwenda. Kwato zake ni imara, anashika mimba bila usumbufu, ni mpole kiasi kwamba mtoto anaweza kumkamua, na hajawahi kuugua ugonjwa wa kiwele. Shamba lile liliniuzia kwa uaminifu kila kilichoonekana kwa macho, na lilishindwa katika yale yasiyoonekana. Nilipoomba kumwona mama yake niliambiwa amehamishiwa kwingine, na nilipoomba apimwe damu kwa ajili ya ugonjwa wa kutupa mimba niliambiwa hakuna haja kwa sababu shamba halijawahi kuwa nao. Jibu hilo halikubaliki. Ugonjwa huo huingia mwilini mwa binadamu pia kupitia maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma, na mnunuzi anayekataliwa kipimo hicho ana kila sababu ya kufunga pochi na kuondoka. Mimi sikuondoka, na kwamba Sikujua alipopimwa baadaye alionekana hana ugonjwa huo ilikuwa bahati yangu tu.

Niliporudi katika shamba jingine mwaka 2020 kumnunulia dada yangu mtamba, nilibadilisha saa ya kwenda, na badiliko hilo dogo lilinisaidia kuliko jingine lolote. Nilifika saa kumi na moja alfajiri, wakati wa kukamua. Mchana ng'ombe wote ni wazuri, wamelala wanacheua. Alfajiri unamwona mama wa mtamba amesimama mbele ya ndoo, na huhitaji kadi kukueleza kama anateremsha maziwa kwa utulivu au anafungwa miguu kwanza.

Kiwele nakitazama mara mbili, kabla na baada ya kukamuliwa. Kabla, nasimama nyuma ya ng'ombe na kuangalia mahali kiwele kinaposhikana na mwili: kinapaswa kuanzia juu na kwa upana katikati ya mapaja, kiwe na mfereji unaoonekana katikati unaogawa kushoto na kulia, na sakafu yake isishuke chini ya kifundo cha mguu wa nyuma, maana kiwele kinachoning'inia hukanyagwa, hukwaruzwa na kuchafuka kila mnyama anapolala. Baada ya kukamua nakishika kwa kiganja. Kiwele kizuri husinyaa na kulegea kama mfuko wa kitambaa uliomwagwa, ngozi yake ikakunjika mkononi, ilhali kile kinachobaki kikubwa na kigumu kama kipande cha ini kimejaa nyama au makovu ya ugonjwa wa zamani. Chuchu ziwe nne, zinazolingana, zimeelekea chini, zenye urefu wa kutosha vidole vya mkamuaji. Kwa mtamba ambaye bado hana kiwele, napitisha mkono chini kuona kama kuna chuchu ya tano, ambayo ikiota karibu na mojawapo ya zile nne huleta taabu wakati wa kukamua.

Miguu naitazama mnyama akitembea kwenye zege, si akiwa amesimama kwenye majani. Mguu wa nyuma ulionyooka kama nguzo hupigwa na sakafu ngumu, na uliopinda kupita kiasi huulemea kisigino, na katika banda la kufugia ndani miguu mibovu humwondoa ng'ombe mapema hata kama maziwa ni mengi. Mdomo mpana, mbavu zilizotanuka na zenye nafasi kati yake, kifua chenye kina: haya ni dalili za mnyama anayeweza kula majani mengi, nami nayapa uzito. Wazee wa kwetu huamua kwa mshipa wa maziwa unaopita chini ya tumbo na kwa urefu wa mkia. Nawaheshimu, lakini mshipa huo hunenepa kwa umri na kwa wingi wa damu inayopita wakati huo, na kwa mtamba hauelezi lolote la maana, na kuhusu mkia sina la kusema.

Hata hivyo, jambo lililonibadilisha zaidi halipo katika umbo. Wataalamu wa uzalishaji wa mifugo hukadiria kwamba, katika tofauti za wingi wa maziwa tunazoziona kati ya ng'ombe waliomo katika kundi moja, kiasi cha robo hadi theluthi ndicho kinachotokana na damu wanayoweza kuirithisha, na kinachobaki ni chakula, maji, afya, umri na mkono wa mkamuaji. Kwa hiyo lita anazotoa ng'ombe hazina maana mpaka ujue wenzake wa banda hilohilo wanatoa ngapi. Jike wa lita 14 katika banda ambalo wenzake wanatoa 9 ni mama bora wa kuzaliwa mtamba kuliko jike wa lita 18 katika banda ambalo wenzake wanatoa 22, japokuwa mnunuzi mgeni atamkimbilia huyo wa 18. Tangu nilipolielewa hilo, siulizi tena "huyu anatoa ngapi?" bali "katika hawa, yupi anawashinda wenzake, na ndama wake yuko wapi?" Uwezo wa kushika mimba, kwa upande mwingine, hurithiwa kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo jike asiyeshika hutibiwa kwanza kwa chakula na uangalizi wa joto kabla ya kuulaumu ukoo wake.

Sasa nifike kwenye huduma ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipendekeza, ingawa ndiyo iliyonitesa zaidi kwa mambo madogomadogo. Sababu ya kuipendekeza ni ya hesabu. Nusu ya damu ya ndama hutoka kwa dume, na dume wa kituo huweza kujulikana kupitia mabinti zake waliokamuliwa katika mabanda mengi, jambo ambalo jike wangu mmoja hawezi kunipa hata akiishi miaka ishirini. Kwa Sikujua nililipa shilingi 2,200,000 kwa kubahatisha, ilhali kwa nusu ya ukoo wa binti yake nililipa shilingi 25,000 pamoja na nauli ya pikipiki ya mhimilishaji.

Mbegu hukaa ndani ya mtungi wenye naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, katika mrija mwembamba kama ule wa wino ndani ya kalamu, unaobeba robo ya mililita au nusu mililita. Mhimilishaji mzuri hupima kwanza joto la maji kwenye chupa, yafike nyuzi 35 hadi 37, ndipo auinue mrija kwa koleo bila kuuchelewesha kwenye mdomo wa mtungi, auzamishe kwa zaidi ya nusu dakika, aufute ukauke kabisa, aukate ncha, auweke kwenye bunduki ya kuhimilishia na kuikinga isipoe njiani. Mkono wa kushoto huingia kwenye utumbo kuishika shingo ya kizazi, wa kulia huongoza bunduki, na mbegu huachwa mara tu shingo inapovukwa. Kazi yote baada ya kuyeyusha haipaswi kuzidi robo saa. Nimewahi kumwona mmoja akifika na mrija ameuweka kwenye mfuko wa shati, ameuyeyusha kwa mteja wa kwanza ambaye ng'ombe wake alionekana hayuko kwenye joto, akaona asiutupe. Nilimlipa nauli yake na kumuaga vizuri. Tangu hapo ombi langu la kwanza, kabla hata ya salamu kuisha, ni kuuona mtungi.

Lawama nyingine mara nyingi si za mbegu bali za saa. Jike anayesimama akipandwa na mwenzake asubuhi hupandishwa jioni ya siku hiyo, na anayeonekana jioni hupandishwa asubuhi inayofuata. Mwenye ng'ombe mmoja hana wa kumpandia, naye hutegemea mlio usio wa kawaida, kupungua kwa maziwa siku hiyo na ute angavu unaovutika kama ute wa yai bichi. Mhimilishaji anayefika baada ya saa thelathini kwa sababu pikipiki iliharibika anakula fedha yako hata kama dume ni bingwa wa dunia. Daftari langu linaonyesha mirija 19 iliyotumika mpaka mwaka jana, mimba 11, ndama hai 10, na kati yao majike ni wanne tu. Bahati ya jinsia haikuwa upande wangu. Mbegu zilizotenganishwa jinsia, ambazo hutoa majike kwa takriban asilimia 90, zipo, ila mrija wake huwa na mbegu chache na bei yake ni kubwa, hivyo huitumia kwa mtamba mwenye afya aliyeonekana kwenye joto bila shaka yoyote, kamwe si kwa jike anayesumbua kushika.

Jambo zito kuliko yote lilitokea Machi 2021. Binti wa kwanza wa Sikujua kwa uhimilishaji, aliyezaliwa Septemba 2019 na ambaye nyumbani walimwita Najua, alikuwa amefikisha miezi kumi na minane na uzito wa kutosha, na akaonyesha joto alfajiri. Mhimilishaji aliyekuja jioni alikuwa na madume wawili tu kwenye mtungi wake. Aliuinua mrija, nikamwomba anisomee namba iliyochapishwa ubavuni, nikafungua daftari.

"Daktari, huyu dume ni baba yake."

"Mama, ni dume mzuri sana huyo, usiwe na wasiwasi. Amezalisha Arumeru nzima."

Alichokisema kama sifa ndicho kilichokuwa hofu yangu. Binti akipandishwa na baba yake, ndama hutarajiwa kuwa na nakala zinazofanana katika robo ya vinasaba vyake kwa sababu ya udugu huo peke yake, na kasoro zilizokuwa zimejificha kwa wazazi huibuka: ndama dhaifu, ukuaji hafifu, maziwa pungufu, mimba zinazopotea. Yule dume mwingine alikuwa Friesian mkubwa, na Najua ana nyonga nyembamba, kwa hiyo nilikataa wote wawili na kusubiri siku ishirini na moja nyingine. Jirani alinicheka kwamba namchagulia ng'ombe mchumba. Aprili nikapata mrija wa Jersey, na Januari 2022 Najua alizaa peke yake usiku, tukamkuta ndama ameshasimama. Katika huduma zote za uhimilishaji nilizotumia, hapa ndipo pana udhaifu mkubwa: anayebeba mtungi huchagua madume kwa urahisi wa kubeba, wala hana kumbukumbu ya nani alizaliwa na nani, na mfugaji asiye na daftari hana namna ya kujua. Dume la kijiji lina hatari hiyohiyo, tena kubwa zaidi, kwani hukaa miaka mitano pale pale likiwapanda binti zake na wajukuu zake.

Kuhusu kabila la ng'ombe, ushabiki ni mwingi kuliko hoja. Friesian ana maziwa mengi na mafuta ya karibu asilimia 3.5, lakini ni mlaji mkubwa, na ekari yangu haiwezi kumshibisha aliye halisi. Ng'ombe wa namna hiyo wanastahili mahali kama shamba la Kitulo kule Makete, juu kwenye baridi na nyasi. Jersey ni mdogo, mafuta yake hukaribia asilimia 5, na huzaa kwa wepesi. Ayrshire yuko katikati, ana kiwele kizuri na miguu ya kutegemewa, na kwa mteremko huu ndiye chaguo langu. Mfugaji wa Tanga au Pwani, penye joto na ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, atafanikiwa zaidi akibaki na chotara wa nusu hadi robo tatu ya damu ya kigeni, na wa Dodoma asimdharau Mpwapwa, aliyezalishwa hapa hapa nchini kwa ajili ya ukame wa kati. Chotara wa kwanza kati ya ng'ombe wa kienyeji na wa kigeni hupata nguvu ya ziada inayotokana na mchanganyiko wenyewe, na nguvu hiyo hupungua kwa nusu wakizalishwa wao kwa wao, ndiyo maana wajukuu huwashangaza wenye mali.

Orodha za madume wa nje nazisoma kwa tahadhari. Za Marekani huandika maziwa kwa ratili na si lita, na namba hizo hutoka kwa mabinti waliolishwa nafaka ambazo kwangu huliwa na watu. Natazama kwanza kiwango cha uhakika wa namba zenyewe, kisha wepesi wa kuzaa, kiwele na miguu, na maziwa nayaweka nyuma. Ndiyo sababu nilifurahi kusikia mradi wa ADGG wa kuboresha damu ya ng'ombe wa maziwa Afrika, unaoongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ulioanza Tanzania na Ethiopia mwaka 2016, ulikuwa unakusanya kumbukumbu za wafugaji wadogo, kwa kuwa dume atakayepimwa kwa mabinti wanaokula mabingobingo na migomba ndiye atakayeniambia ukweli.

Najua alipozaa mara ya kwanza alifikia lita 16, ilhali mama yake katika uzao kama huo alifikia 11. Siwezi kudai kwamba tofauti yote ni ya mrija, kwa sababu katikati ya miaka hiyo niliongeza mashudu na kuweka maji bandani usiku kucha, na ng'ombe mmoja si ushahidi. Lakini Sikujua mwenyewe, kwa mashudu yaleyale na maji yaleyale, hajawahi kuvuka 13. Mwenye haraka ajue pia kwamba mrija wa leo huchukua karibu miaka mitatu kuwa maziwa kwenye ndoo: miezi tisa ya mimba, mwaka mmoja na nusu wa kukua, na miezi tisa mingine. Asiye na jike kabisa hana budi kununua, na huyo aende shambani alfajiri, apime damu, amwone mama.

Nimeacha kuamini mwandiko wangu wa gizani. Kila mhimilishaji akimaliza, namwomba mrija mtupu, nausafisha na kuubandika kwa gundi kwenye ukurasa wa ng'ombe husika, namba ya dume ikionekana, na tarehe pembeni. Ukurasa wa Najua una mirija minne. Wa mwisho, wa Ayrshire ambaye si ndugu yake, ni wa tarehe 9 Juni, na tarehe 30 nilikesha naye bandani mpaka kukacha, akicheua tu, bila mlio wala ute.